Ukienda kuangalia uwanja wa ndege wa vita, usiikimbilie ndege

Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, ni nchi tambarare ya viazi, kabichi na upepo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kulikuwa na viwanja vya ndege vya kijeshi zaidi ya 40, na hadi leo ukipita mashambani utakutana na kipande cha zege kinachokatiza ngano bila kuelekea popote. Mimi naishi karibu na mji wa Lincoln. Wageni kutoka nyumbani wakija huuliza, "Hapa kwenu kuna nini cha kuona?" Basi nimegeuka mtembeza wageni asiyelipwa, na wengi nawapeleka East Kirkby, uwanja wa zamani wa ndege za vita ambao sasa ni makumbusho.

Pale ndani ya banda kubwa kuna ndege ya mabomu aina ya Lancaster, jina lake Just Jane. Injini zake nne bado zinawaka, na siku nyingine hutembezwa ardhini huku watu waliolipia wakiwa ndani. Kila mgeni huiendea ndege hiyo moja kwa moja. Anapiga picha mbele ya tairi, anapiga nyingine chini ya mkia, kisha anauliza chai inauzwa wapi. Shemeji yangu mmoja alinitazama akaniambia, "Sasa shemeji, tumeendesha gari saa nzima kwa ajili ya ndege moja?" Alikuwa na haki ya kuuliza.

Ndege ukiitazama peke yake haikuambii kitu. Iache iwe ya mwisho. Zunguka uwanja kwa kufuata saa za siku, tangu asubuhi simu ilipolia hadi alfajiri ya pili yake, na kila ukifika mahali jiulize nani alikuwa anafanya kazi pale saa ile. Ukitembea hivyo, saa tatu hazitoshi.

Kwanza ujue ukubwa wa kambi. East Kirkby ilifunguliwa Agosti 1943, Kikosi cha 57 kikahamia hapo kutoka Scampton, na Novemba mwaka huohuo kikaundwa Kikosi cha 630. Kila Lancaster ilibeba watu saba: rubani, mhandisi wa ndege, mwelekezi wa njia, mlenga mabomu, opereta wa redio, na washika bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mmoja mkiani. Hata kama ndege 40 zingeruka kwa pamoja, hao ni watu 280. Lakini uwanja wa vikosi viwili ulikuwa na watu wapatao 2,000. Hao wengine wote hawakuruka. Walipika, walifunga mabomu, walikunja parashuti, walichora ramani za hali ya hewa, waliendesha malori, walizibua vyoo. Baadhi yao walikuwa wasichana wa jeshi la anga, umri wa kuwa chuoni.

Na hawakulala pamoja. Mabweni yalitawanywa mbali na uwanja, ng'ambo ya mashamba, ili bomu moja la Wajerumani lisiwamalize. Walilala kwenye mabanda ya mabati yaliyopinda kama pipa lililopasuliwa katikati, na jiko moja dogo la makaa. Kutoka kitandani hadi bwaloni, kutoka bwaloni hadi kwenye ndege, ni baiskeli. Kwa hiyo ukifika, paki gari mapema kisha tembea. Upepo ukikupiga usoni kwa robo saa, habari ya jiko dogo utaielewa bila maelezo. Njoo na koti zito hata Julai.

Asubuhi, amri ilishuka kwa simu kutoka makao makuu ya juu: leo usiku kuna kazi, ndege kadhaa, mzigo wa aina fulani. Kuanzia hapo simu za nje zilifungwa na getini hapakuwa na ruhusa ya kutoka. Marubani wenyewe walikuwa bado hawajaambiwa waendako, lakini mafundi walikuwa wameshaanza kubashiri.

Hapa nitakaa kidogo, maana mimi ni fundi magari na sehemu hii ndiyo inayonivuta. Tangi za Lancaster zikijaa zilichukua galoni 2,154 za Kiingereza, yaani karibu lita 9,800. Ndege ina kikomo cha uzito wa kuruka, hivyo mafuta yakiongezeka, mabomu yanapungua. Boza likija likajaza tangi hadi juu, fundi alijua safari ni ndefu, pengine Berlin. Likijaza nusu, na matrela ya mabomu yakaja yamesheheni, basi ni karibu zaidi, labda viwanda vya bonde la Ruhr. Mtu hakuhitaji kuambiwa siri, alihitaji kuhesabu lita tu. Kila dereva wa lori anayejua mzigo wake na dizeli yake ataielewa hesabu hiyo.

Injini ya Lancaster, iitwayo Merlin, ni ya silinda 12, ujazo wake lita 27, na kila silinda ina plagi mbili. Zidisha kwa injini nne, unapata plagi 96 kwa ndege moja. Matengenezo makubwa yalifanyika ndani ya banda, lakini kazi ya kila siku ilifanyika nje, ndege ilipoegeshwa, pembeni kabisa mwa uwanja. Fundi alipanda juu ya stendi, Januari, mvua ya theluji ikimpiga, na glavu ilibidi azivue kwa sababu nati ndogo haishikiki na glavu. Ndege zilitawanywa makusudi, kila moja na duara lake la zege, kwa sababu ileile ya mabweni. Ukiwa pale omba kuonyeshwa duara moja lililobaki, simama katikati yake, uangalie banda liko mbali kiasi gani. Mafundi walijijengea vibanda vyao hapo kwa mbao za makasha, wakapata pa kuchemshia chai.

Waliisema ndege kuwa ni yao, hao marubani wameazimwa tu kwa usiku mmoja. Kabla ya kuondoka rubani alitia sahihi kwenye fomu kwamba ameipokea ikiwa nzima. Mimi gereji nimewahi kukabidhi magari mengi na kupokea sahihi nyingi, lakini hakuna hata moja niliyokaa macho usiku kucha nikisubiri irudi.

Mabomu yalitoka ghala lililochimbiwa kwenye kona ya mbali, nyuma ya matuta ya udongo. Yalivutwa kwa trekta, matrela yamefuatana kama behewa. Mzigo wa kawaida ulikuwa bomu moja kubwa la ratili 4,000 pamoja na mamia ya mabomu madogo ya moto. Kubwa lilikusudiwa kung'oa mapaa na kuvunja madirisha, madogo yawashe kilichobaki wazi. Tafadhali usiipite sehemu hii haraka. Makumbusho mengi huwaenzi waliokufa ndani ya ndege, na ni haki yao, lakini mzigo ule uliangukia nyumba za watu. Hamburg, Julai 1943, waliuawa makumi ya maelfu. Dresden, Februari 1945, wapatao 25,000. Ukiwa na watoto, waambie yote mawili siku hiyohiyo. Wangu waliuliza maswali ambayo sikuwa na jibu la haraka, tukayajadili njia nzima ya kurudi.

Kazi ya mabomu iliua hata waliobaki nyumbani. Tarehe 17 Aprili 1945, wiki tatu kabla ya vita kwisha Ulaya, ndege iliyokuwa ikiandaliwa hapohapo East Kirkby ilishika moto, mabomu yakalipuka, watu wakafa na Lancaster kadhaa zikateketea.

Mchana, waliopangwa kuruka waliitwa kwenye chumba cha maelezo. Mbele kulikuwa na ramani kubwa iliyofunikwa pazia. Pazia likivutwa, uzi mwekundu ulionyesha njia hadi mji wa usiku huo, na kama ni Berlin chumba kizima kiliguna. Baada ya hapo ni mlo, mayai na nyama ya nguruwe ya kukaanga. Yai lilikuwa kitu adimu, chakula kilikuwa kwa mgawo nchi nzima, hivyo aliyepewa yai alijua kwa nini amepewa. Wakachukua parashuti dirishani kwa wasichana waliozikunja, na mzaha wao ukawa uleule miaka yote: isipofunguka, irudishe tukupe nyingine.

Halafu wakapelekwa kwa lori hadi kwenye ndege, na hapo ndipo kusubiri kulikowatesa. Walivuta sigara. Walikojolea tairi la mkia, ni mila, waliamini inaleta bahati. Wengine walibeba mdoli wa mtoto au skafu ya mchumba, na wakiisahau waligoma kupanda. Usiwacheke. Kazi ilihesabiwa kwa misheni 30 ndipo mtu apumzishwe, na katika waliowahi kuruka na kamandi ya ndege za mabomu ya jeshi la anga la Uingereza, wapatao 125,000, waliuawa 55,573.

Jioni nenda ukasimame karibu na kichwa cha njia ya kurukia. Njia kuu ya viwanja vya namna ile ilikuwa na urefu wa takriban meta 1,800. Ndege yenye tani karibu 30 iliihitaji yote. Taa ya kijani iliwashwa kutoka kwenye gari dogo pembeni, na pale majanini walijipanga wapishi, makarani, mafundi, wasichana wa ofisini, wakipunga mikono kwa kila ndege inayopita.

Baada ya hapo kimya, kwa muda wa saa sita hadi nane. Kwa maoni yangu mahali pa maana kuliko pote East Kirkby ni mnara wa kuongozea ndege, uliorudishwa hali yake ya zamani. Ni jengo dogo, wageni hupanda na kushuka kwa dakika tano. Wewe kaa humo. Utaona ubao wenye safu: herufi ya ndege, jina la rubani, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Safu ya mwisho ilijazwa usiku wa manane, sauti moja moja zikiita redioni kuomba kutua. Msichana aliyeandika saa hizo ndiye aliyejua kabla ya wote ni mstari upi utabaki wazi. Waliorudi walipewa chai yenye tone la pombe kali, wakahojiwa na maofisa wa upelelezi, wakala, wakalala. Wasiorudi, asubuhi walikuja watu maalumu kukusanya vitu vyao kitandani, na barua ambazo zingemuumiza mke au mama ziliondolewa kwanza.

Sasa nenda kwenye ndege. Ingia ndani ukipata nafasi, na uangalie jinsi mwili wa mtu mzima unavyopita juu ya boriti la bawa katikati ya ndege, gizani, akiwa na nguo nzito. Tiketi za kutembezwa nayo huisha mapema, kata kabla hujanunua hata tiketi ya treni. Treni yenyewe itakuishia Boston, mji wa hapahapa Lincolnshire, kutoka hapo unahitaji gari. Na ulizia siku za kufungua, usidhani Jumapili kila mahali ni wazi.

Uwanja huu haukuokolewa na serikali. Sehemu yake waliinunua ndugu wawili wafugaji wa kuku, Fred na Harold Panton. Kaka yao Christopher, mhandisi wa ndege, aliuawa usiku wa Machi 30 kuamkia 31, 1944, kwenye shambulio la Nuremberg, usiku ambao ndege 95 hazikurudi. Baba yao alikataza habari ya vita kuzungumzwa nyumbani, wakakua nayo hivyohivyo. Makumbusho yalifunguliwa 1988.

Ukipata siku ya pili, panda kilima cha Canwick hapa Lincoln kwenye kituo cha kumbukumbu cha kamandi ya mabomu. Mnara wake una urefu wa meta 31, sawa na upana wa Lancaster kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, na kuta zinazouzunguka zina majina karibu 58,000. Wageni wa kwetu huuliza kama kulikuwa na Waafrika. Walikuwepo. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwelekezi wa njia kwenye ndege aina ya Stirling. Aliangushwa Ujerumani Novemba 1943, akawa mfungwa hadi vita vilipokwisha, na baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake.

Kama nauli ya Uingereza haipo, maswali haya yanaulizika hata kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walitengeneza uwanja wa ndege kisiwani Mafia, ndege zikaruka kwenda delta ya Rufiji kuelekeza mizinga ya meli zilizokuwa zikiipiga Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humo. Kabla ya hapo ndege za majini zilishindwa na joto: injini zilikosa nguvu za kuinuka na gundi ya mbao ikaachia. Mafundi tena. Tarehe 11 Julai ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa, na Arnold akaendelea kutuma ishara za kusahihisha shabaha wakati wanaanguka. Wote wawili waliokolewa mtoni. Ukienda Mafia kuogelea na papa potwe, waulize wenyeji uwanja ule ulikuwa wapi. Ukiwa Mombasa, mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus, unaruhusiwa kuusogelea. Nairobi ni tofauti: uwanja wa Eastleigh ulikuwa wa jeshi la anga la Uingereza na leo bado ni kambi ya jeshi, kwa hiyo simu ibaki mfukoni.