Uliza Tukujibu: Umekabidhiwa wanafunzi uwapeleke nje, nani amekufundisha kazi hiyo?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mhadhiri wa historia, mwakani nimepangiwa kuongoza wanafunzi 14 kwenda kusoma nchi nyingine kwa wiki sita. Hiyo nchi naijua na lugha yao naongea vizuri tu, kwa hiyo mkuu wa idara anasema inatosha, sihitaji semina yoyote. Mwenzangu mmoja ananiambia nisiende hivi hivi. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize mwenzako, mwalimu. Mkuu wako simlaumu maana wengi wanafikiria hivyo, kwamba ukiijua nchi basi na kazi umeijua, lakini kuijua nchi ni jambo moja na kuwa na watu 14 mikononi mwako usiku na mchana ndani ya hiyo nchi ni jambo lingine kabisa. Chuoni kipindi kikiisha unaenda nyumbani. Huko hakiishi, wewe ndo mwalimu, ndo mlezi, ndo mshauri, ndo wa kwanza kupigiwa simu mtu akiumwa, na shahada ya historia haikukuandaa kwa hayo.

Nikupe mfano wa zoezi moja linalofanyika kwenye mafunzo ya maana. Mnagawiwa karatasi imeandikwa hivi: Jumamosi usiku, saa nane, mwanafunzi hajarudi kwa familia anayokaa nayo, simu yake haipatikani, na mama yake ameshatuma imeili mbili chuoni. Una dakika kumi, andika unampigia nani kwanza na nani anafuata. Wengi wanakimbilia polisi au wanampigia mama. Hapo mwezeshaji anaanza kuwauliza taratibu: wenzake aliotoka nao umeshaongea nao? Familia inasema aliondoka saa ngapi, amevaa nini? Namba ya dharura ya chuo unayo kwenye simu au iko kwenye laptopu uliyoiacha ofisini? Nani anaandika muda wa kila simu mnayopiga? Na mzazi ataongea na nani, mtu mmoja tu, asije akapewa habari tatu tofauti na watu watatu? Ukishalifanya hilo ukiwa umekaa salama na kalamu yako, siku likitokea kweli unajua pa kuanzia.

Halafu kuna mambo ambayo huwezi kuyakisia hata uwe msafiri wa miaka mingi. Mwanafunzi wa Marekani anaweza kuwa anatumia dawa ya kumsaidia kutulia na kusoma, yenye amfetamini ndani yake, daktari kamwandikia kihalali kabisa, ila Japani dawa hiyo haiingii hata akiwa na barua ya daktari, na ndo maana suala la dawa linaulizwa miezi kabla ya safari, kwa faragha, wakati bado kuna muda wa kurudi kwa daktari wake kutafuta njia nyingine. Au suala la wazazi: Marekani kuna sheria ya FERPA ya 1974 inayolinda taarifa za mwanafunzi, mzazi wa mwanafunzi wa chuo hapewi kila kitu kwa vile tu ni mzazi, japo ikiwepo hatari ya afya au usalama chuo kinaruhusiwa kutoa taarifa zinazohitajika. Ulaya nako kuna GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, iliyoanza kutumika 2018. Ni bora uyajue hayo mapema kuliko kuanza kuuliza mzazi akiwa analia kwenye simu.

SWALI: Mimi ni mratibu mpya wa programu za masomo ya nje. Kozi ziko nyingi mtandaoni kila mtu anatangaza cheti chake, ntajuaje ipi ni ya kweli?

JIBU: Dada, anza na vyama vya wenye taaluma yenyewe. Marekani kuna NAFSA, ipo tangu 1948, na kuna The Forum on Education Abroad iliyoanzishwa 2001, makao yake Carlisle, Pennsylvania, hao wa Forum ndo wanaotunza viwango vya kazi hii, toleo la sita lilitoka 2020, na mafunzo yao yamejengwa juu ya viwango hivyo. Ulaya kuna EAIE ya Amsterdam, tangu 1989. Kozi nyingine yoyote, kabla hujalipia omba ratiba yake uisome. Ukikuta ni kutafuta wanafunzi na kujaza fomu za visa tu, achana nayo. Unataka uone usalama, afya ya akili, mikataba na wenyeji, maadili, na namna ya kumsaidia mwanafunzi ajifunze kutokana na anayoyaona. Na mwezeshaji awe amewahi kukaa na wanafunzi huko nje.

SWALI: Wanafunzi wangu wakifika nje wanajifungia wenyewe kwa wenyewe, jioni wako kwenye simu na marafiki wa nyumbani. Nawaacha tu wakiamini wataizoea nchi polepole. Ni sawa?

JIBU: Hapana kaka, na hili limefanyiwa utafiti. Michael Vande Berg na wenzake walitoa matokeo 2009, walifuatilia wanafunzi zaidi ya 1,000 kwenye programu kama 60 hivi, wakaona kwamba kuwaacha wajitafutie wenyewe hakuwapeleki mbali kwenye kuelewa watu wa utamaduni mwingine, waliopiga hatua zaidi ni wale waliokuwa na mtu palepale anayekaa nao mara kwa mara na kuwasaidia kutafakari. Huyo mtu ni wewe, na kutafakarisha watu ni ujuzi unaofundishwa. Ukiuliza "wiki imekuaje?" utajibiwa "poa". Uliza hivi: wiki hii ni lini ulihisi umemkosea mwenyeji, yeye alifanya nini, wewe ulidhani kwanini, na kuna maana gani nyingine inaweza kuwepo? Kisha nyamaza, usiwahi kuwajibia, hapo ndo walimu wengi tunaposhindwa maana tumezoea kuongea sisi. Mwisho wa kikao kila mmoja aondoke na kitu kimoja cha kwenda kujaribu, mfano kumuuliza mama mwenyeji jambo ambalo hajalielewa, na kikao kinachofuata mnaanzia hapohapo.

SWALI: Chuo chetu hakina bajeti ya mafunzo. Tufanyeje?

JIBU: Lile zoezi la saa nane usiku halihitaji hela. Ombeni muda wa saa mbili tu, muwakusanye walimu wanaosafiri, mtu wa bima, mshauri wa wanafunzi na anayeshika simu ya dharura, fanyeni kisa kimoja mpaka mwisho. Andikeni kila swali lililokosa mtu wa kulijibu, halafu karatasi hiyo ndo mpeleke kwa uongozi mnapoomba bajeti.