Maswali ya Wasomaji: Kinachowaweka Wachezaji na Kinachowafukuza

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni, ile ambayo adui unayemwona kwenye kioo ni mtu halisi aliyeketi mahali fulani na kifaa chake. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya nyingine tatu yanaiegemea.

Ndugu mhariri, salaam. Mwaka 2024 nilikuwa nikiusubiri kwa hamu mchezo wa Concord. Kampuni ya Sony iliutoa tarehe 23 Agosti, na tarehe 6 Septemba ikauzima na kuwarudishia watu fedha zao. Hapa bwenini wenzangu wanacheza Counter-Strike, mchezo uliozaliwa kabla yetu sote. Concord ilikuwa na fedha, wasanii na kampuni kubwa nyuma yake. Ilikosa nini? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Ilikosa watu, ndugu yangu, na katika michezo ya aina hii watu ndio uwanja wenyewe. Anayenunua mchezo wa hadithi anaweza kuufungua peke yake miaka kumi baadaye akaukuta kama alivyouacha. Anayefungua mchezo wa watano kwa watano anahitaji wengine tisa walio macho saa ileile, walio karibu na seva ileile, yaani kompyuta inayoendesha mechi, na ambao uwezo wao unakaribiana na wake. Seva ikilegeza sharti hilo la tatu, mechi itapatikana upesi lakini itakuwa ya kuoneana. Ikilishikilia, mtu atakaa kwenye foleni mpaka achoke na kuzima. Kwenye Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, Concord haikuwahi kufikisha wachezaji 700 kwa wakati mmoja. Hao ni wa kompyuta tu, bila wa PlayStation, lakini ukiwagawa kwa mabara, kisha kwa aina za mechi, kisha kwa viwango vya uwezo, utaona kwamba mgeni aliyeingia saa nane usiku huenda hakuwa na mtu wa kucheza naye isipokuwa mzoefu wa kumwangusha.

Wengi walilaumu sura za wahusika wake. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa bei. Concord iliuzwa dola 40 katika soko ambalo michezo mingine ya risasi kama Valorant, Apex Legends na Overwatch 2 ilikuwa ikiingiliwa bure. Mchezo mpya wa mashindano unahitaji umati tangu siku ya kwanza, na kiingilio mlangoni ndicho kinachozuia umati. Fortnite iliingia bure mwaka 2017, Apex Legends ikafanya hivyo mwaka 2019 na kupata wachezaji milioni 25 katika wiki yake ya kwanza, na hata Counter-Strike, yenye jina lote hilo, iliacha kutoza kiingilio Desemba 2018.

Lakini kujaza watu ni jambo moja na kuwabakiza ni jambo jingine, na hapa ndipo Counter-Strike ya wenzako inapofundisha. Ilianza mwaka 1999 kama mabadiliko ambayo Minh Le na Jess Cliffe waliyafanya juu ya mchezo wa Half-Life. Kampuni ya Valve ikaichukua na kuiuza kuanzia mwaka 2000, ikatoa toleo la CS:GO mwaka 2012, na mwaka 2023 ikalibadilisha kuwa Counter-Strike 2. Mwaka huohuo wa 2023 idadi ya waliokuwa ndani kwa wakati mmoja ilipita milioni 1.8. Ramani ya Dust II, ambayo bila shaka umewahi kuuawa kwenye milango yake, imekuwepo tangu mwaka 2001.

Siri yake, kwa maoni yangu, haiko katika ushindi bali katika namna mchezo unavyomtendea aliyeshindwa. Hesabu ni rahisi: katika mechi ya watano kwa watano nusu ya waliocheza hutoka wameshindwa, na katika mechi ya watu 100 ya PUBG, mtu anapoingia peke yake, 99 hushindwa na mmoja hushangilia. Mchezo unaowafurahisha washindi tu utabaki na wachache sana baada ya mwezi. Sasa tazama Counter-Strike. Timu iliyopoteza raundi hupewa fedha za mchezo za kununulia silaha, na ikizidi kupoteza mfululizo fedha hizo hupanda hatua kwa hatua mpaka dola 3,400 kwa kila mchezaji, ili raundi moja mbaya isiwafunge mikono katika zote zinazofuata. Aliyeuawa hafufuki mpaka raundi iishe, na hilo linaonekana kama adhabu, lakini katika muda huo huona kupitia macho ya mwenzake aliye hai: anaona alivyobana ukutani, alivyorusha bomu la moshi, na alivyotulia kabla ya kufyatua. Vijana wengi wamejifunza mchezo huu wakiwa wafu. Upande mmoja hujaribu kutega bomu na mwingine kuuzuia, na raundi haifiki dakika mbili bomu hilo lisipotegwa, basi hata kungoja huko hakuchoshi.

Wenye michezo wenyewe wamelipima jambo hili. Mwaka 2024 kampuni ya Activision ilichapisha matokeo ya jaribio ililolifanya ndani ya mchezo wake wa Call of Duty, ambamo sehemu ya wachezaji walipangiwa wapinzani bila uzito mkubwa kutiliwa uwezo wao. Waliopangiwa hivyo, isipokuwa wale wa ngazi ya juu kabisa, waliacha mechi katikati zaidi na walirudi kucheza kwa uchache zaidi. Wenye ujuzi walifurahi, kwa kuwa walipata wanyonge wa kuwinda, ila wanyonge wakiondoka wote, aliyekuwa wa wastani jana ndiye anayekuwa mnyonge leo. Mchezo wa XDefiant wa kampuni ya Ubisoft ulijitangaza kwamba mechi zake za kawaida hazipangi watu kwa uwezo. Ulitoka Mei 2024 ukafungwa Juni 2025. Sitasema hilo peke yake ndilo lililouua, kwa maana wachezaji walilalamikia pia risasi zilizogoma kufika, lakini sikushangaa.

Usidhani pia kwamba mwanzo mbaya ni hukumu ya kifo. Rainbow Six Siege ya haohao Ubisoft ilitoka Desemba 2015 ikiwa na hitilafu nyingi na wachezaji wachache. Mwaka 2017 watengenezaji walifanya uamuzi ambao kampuni nyingi huuogopa: waliahirisha ramani na wahusika wapya wa msimu mzima, wakatumia miezi hiyo kurekebisha seva na kasoro za ndani. Mchezo huo unachezwa mpaka leo. Napenda mfano huu kuliko yote, kwa sababu unaonyesha kwamba mchezaji anaweza kungoja kitu kipya kwa uvumilivu, lakini havumilii kuuawa na hitilafu.

Mchezo niupendao unaitwa “mchezo mfu” kila takwimu za Steam zikishuka. Je, tuziamini takwimu hizo? (Msomaji wa Muscat, Oman)

Ziamini kwa kile zinachokihesabu tu. Steam huonyesha walio kwenye kompyuta kupitia duka lake. Valorant na Fortnite hazimo humo kabisa, na wanaocheza kwa simu au kwa PlayStation hawahesabiwi. Idadi kubwa nayo inaweza kudanganya: Team Fortress 2 ilikaa miaka kadhaa ikiwa imejaa wachezaji bandia walioendeshwa na programu, kiasi kwamba wachezaji halisi walifanya kampeni mtandaoni mwaka 2022, kisha tena mwaka 2024, wakidai Valve iisafishe.

Kushuka peke yake si kifo. PUBG ilipita wachezaji milioni 3.2 kwa wakati mmoja Januari 2018, ikashuka sana, na bado ni miongoni mwa michezo yenye watu wengi zaidi Steam. Ukitaka kujua hali halisi, linganisha siku ileile ya wiki na saa ileile, msimu kwa msimu, halafu pima kwa saa yako muda unaokaa kwenye foleni. Foleni ikirefuka mwezi hadi mwezi na majina ya wapinzani yakaanza kujirudia, hapo ndipo pa kuhofia.

Shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 14 na anacheza mchezo wa risasi kwenye simu. Nikimwambia aache anasema “dakika moja, mama,” na dakika hiyo haiishi. Nahisi kuna kitu kimewekwa makusudi kumshika. Ni kweli, au ni utoto wake? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na umeona vizuri. Mchezo unaotolewa bure hulipiwa na wachache wanaonunua mapambo, na ili wanunue ni lazima warudi kila siku. Ndiyo maana kuna zawadi ya kufungua mchezo leo, kazi za siku ambazo kesho hazitakuwepo, na pasi ya msimu, yaani ngazi ya zawadi za kupandwa kwa kucheza, inayofunga milango yake tarehe maalumu, ili mtoto aliyekosa wiki moja ajione amepoteza mali. Mbinu hizi ni tofauti na yale niliyomweleza mwanafunzi wa Dodoma. Mechi ya haki humrudisha mtu kwa sababu anataka kuwa bora zaidi ya jana, ilhali pasi ya msimu humrudisha kwa kuogopa kukosa, na mimi siipendi hata kidogo kwa watoto.

Liangalie kwa makini zaidi lile sanduku la bahati, ambalo mtu hulipa bila kujua atapata nini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku ya namna hiyo ni kamari, na mwaka huohuo Valve ikawazuia wachezaji wa nchi hiyo kuyafungua katika Counter-Strike. Kama simu ya mwanao imeunganishwa na pesa zako za mtandao, badilisha namba ya siri leo hii na usimwambie.

Kuhusu ile “dakika moja,” nakuomba umwamini kidogo. Mechi ya mtandaoni haisimami hata mlango ukigongwa. Akitoka katikati anawaacha wenzake pungufu, na michezo mingi humwadhibu kwa kumshusha daraja au kumfungia kwa muda. Juzi niliketi nyuma ya mtoto wa jirani aliyeitwa kula. Alitupa simu kitandani mara moja, kwa adabu, na nilipoitazama nikaona wenzake watatu bado wanamwita kwa jina lake la mchezo huku mtu wake amesimama wima uwanjani mpaka akauawa. Aliporudi hakuongea na mtu jioni nzima. Basi badala ya saa, mpimie kwa mechi: “Ukimaliza hii, huanzi nyingine.” Katika Free Fire, mchezo wa risasi wa simu, mechi moja huchukua kama dakika 10, hivyo utajua mapema kama ametimiza ahadi.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kipimo chake ni kizito: mtu ameshindwa kujizuia, ameacha masomo na shughuli nyingine, na anaendelea hata akiona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Mtoto anayekula, anayesoma na anayekasirika akizimiwa simu hajafika huko.

Nina chumba cha gemu chenye kompyuta sita. Niliweka michezo ya risasi ya mtandaoni nikidhani italeta vijana, lakini wanajaribu wiki moja kisha wanarudi kwenye gemu za mpira, au wanakaa pale kwangu wakicheza Free Fire kwenye simu zao. Mashine zangu ni nzuri. Kasoro ni nini? (Mfanyabiashara, Kisumu)

Kasoro ya kwanza ni umbali, na hiyo huwezi kuinunulia dawa dukani. Mwanga ndani ya waya wa intaneti hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya huongeza karibu milisekunde 10 za kwenda na kurudi, hata kama bando lako ni la kasi namna gani. Kijana wa Kisumu akiunganishwa na seva ya Ulaya, amri yake inapita Mombasa, Bahari ya Shamu na Mediterania kabla risasi haijahesabiwa. Aliye Frankfurt amekwisha fyatua. Wateja wako hawasemi hivyo. Wanasema “hii gemu inaiba,” na wanaondoka. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hali hiyo ilimpata kila mtu katika ukanda huu kwa siku kadhaa.

Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg. Weka kikomo cha ucheleweshaji kwenye mipangilio ya mchezo ili mashine zako zisipelekwe mbali, na pima kwa saa mbalimbali za siku, hasa jioni wakati Afrika Kusini nao wametoka kazini na kujaza foleni. Mchezo ambao hauna seva ya karibu uondoe, hata kama jina lake ni kubwa.

Kasoro ya pili ni kwamba unamtupa mgeni mbele ya mabingwa. Free Fire, iliyotoka mwaka 2017, ilitengenezwa kwa simu za bei ndogo, huingiza watu 50 tu, na mechi zake ni fupi. Anayeanguka mapema anaanza nyingine kabla hasira haijapanda. Wewe una kitu ambacho kijana peke yake na simu hana, yaani kompyuta sita zilizo kwenye chumba kimoja. Ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, watatu kwa watatu, ambako umbali unakuwa mita chache za waya na wote wanajifunza pamoja. Chagua ramani moja tu kwa mwezi wa kwanza. Wapange mwenyewe, mzoefu mmoja kila upande, na timu mbili zikitofautiana sana badilisha mtu mmoja katikati ya mechi bila kungoja iishe. Usitoze kwa saa siku hizo. Toza kwa mechi, na anayefungwa mara mbili mfululizo mpe ya tatu bure.