SNAP na saa 80 za kazi: weka ushahidi kabla hujaulizwa

Miaka yangu ya mwanzo hapa Marekani, nikiwa kibarua ghalani, nilinunua chakula kwa kadi ya EBT, ile inayowekewa pesa za msaada wa serikali. Siku hizi nawasaidia ndugu zetu kusoma barua za SNAP, msaada wa serikali wa kununua chakula ambao wengi bado tunauita fudi stempu. Karibu wote wanaoniletea barua za kukatiwa msaada wanafanya kazi. Jasho lao lipo, lakini hakuna karatasi inayolionyesha, na mtu mchapakazi anabaki na friji tupu. Linaniuma sana.

Sheria iliyopitishwa Julai 2025 imewaingiza kwenye sharti la kazi wengi ambao zamani halikuwagusa. Mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 64, mwenye nguvu za kufanya kazi na asiyelea mtoto wa chini ya miaka 14, anatakiwa atimize saa 80 kwa mwezi. Asipotimiza, anapewa msaada kwa miezi 3 tu katika kipindi cha miaka 3. Hapo awali ukomo ulikuwa miaka 54, na mwenye mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 nyumbani alisamehewa. Kwa hiyo mama mwenye kijana wa miaka 15, soma barua zako kwa makini.

Saa 80 ni kama saa 20 kwa wiki, na si lazima zitoke kwa mwajiri mmoja. Kujitolea kunahesabiwa, mafunzo ya kazi yanayotambuliwa yanahesabiwa, na kazi yako mwenyewe pia inahesabiwa. Dada mmoja anayesuka nywele sebuleni kwake aliamini kwamba hiyo si kazi ya kuandikisha serikalini. Tulifungua daftari: tarehe, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, mteja amelipa kiasi gani. Risiti za rasta tukazibana nyuma. Ofisi ililipokea daftari lile. Ukijitolea kugawa chakula kanisani au msikitini, mwombe msimamizi atie sahihi siku hiyohiyo, maana mwisho wa mwezi hatakumbuka. Na wewe wa zamu za wakala wa ajira, piga picha kila karatasi ya mshahara, kwa sababu wiki moja unapewa saa 35 na inayofuata 8.

Kabla ya kuhangaikia saa, uliza kama umesamehewa. Mjamzito amesamehewa. Anayemuuguza mtu asiyejiweza amesamehewa, na mwenye maradhi yanayomzuia kufanya kazi vilevile. Ila barua ya daktari isitaje ugonjwa tu. Iseme wazi kwamba huwezi kufanya kazi, na kwa muda gani. Barua nyingi hurudishwa kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Usiache kazi kwa hasira. Kuacha bila sababu ya msingi kunaweza kukufungia msaada hata kama kipato chako ni sifuri.

Kuhusu kipato, kiwango cha kawaida ni asilimia 130 ya mstari wa umaskini kabla ya makato, ingawa majimbo kadhaa yamekipandisha. Taja kodi ya nyumba na malipo ya kulelewa watoto, na kwa mwenye miaka 60 au zaidi, gharama za matibabu zinazozidi dola 35 kwa mwezi. Zote hizo zinaweza kuongeza msaada. Kaya ni wale wanaonunua na kupika pamoja: mpangaji mwenza mwenye chungu chake anaweza kuomba peke yake. Mume na mke, au mtoto wa chini ya miaka 22 anayeishi na wazazi, huhesabiwa pamoja hata wakipika mbalimbali.

Sheria hiyohiyo ya Julai 2025 imewaondoa wakimbizi ambao bado hawana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja nchini; anza kukusanya nyaraka mapema. Watoto waliozaliwa hapa ni raia, na mzazi anaweza kuwaombea wao hata kama yeye mwenyewe hastahili.

Ukikatiwa na unaamini wamekosea, una siku 90 za kudai usikilizwe. Ukidai kabla ya tarehe ya kukatwa iliyoandikwa kwenye barua, unaweza kuendelea kupokea hadi uamuzi utoke, ingawa ukishindwa utadaiwa kurudisha. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na halipiwi. Usimtumie mwanao kukutafsiria.