Kujiandaa kwa somo la kodi ya mapato, shule ya sheria Marekani

Mdogo wangu, umeuliza kama hesabu dhaifu zitakuangusha kwenye somo la kodi ya mapato ya serikali kuu. Hapana. Ukijua kujumlisha, kutoa na asilimia, inatosha. Kinachowaangusha watu ni kuruka kifungu chenyewe na kukimbilia muhtasari wa wenzao.

Kabla muhula haujaanza, soma kifungu cha 61 cha sheria ya kodi polepole, neno kwa neno. Kinasema mapato ghafi, yaani jumla ya kuanzia hesabu ya kodi, ni mapato yote, kutoka chanzo chochote, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotoa msamaha. Kisha soma kesi ya Cesarini ya 1969, mimi ndiyo iliyonifungua macho. Mtu na mkewe walinunua piano kuukuu mwaka 1957 kwa dola 15. Mwaka 1964, wakiisafisha, wakakuta ndani noti za dola 4,467. Mahakama ikasema hayo ni mapato, tena ya 1964, mwaka walioziona. Ukishaelewa kwa nini si 1957, umeshaanza kufikiri kikodi.

Baada ya hapo pitia kifungu cha 102 cha zawadi, halafu kifungu cha 1001 cha faida ya kuuza mali: umenunua hisa kwa dola 1,000, umeuza kwa dola 1,500, faida ni dola 500. Hiyo dola 1,000 ya mwanzo, yaani gharama uliyonunulia, ishike sana, itakufuata muhula mzima.

Na kifungu kikikutuma kingine, fungua hicho kingine papo hapo. Usiseme utarudi.