Jibu: Bushi za mpira zinatoka na vitundu ndani

Habari ssebo. Umesema bushi (vipande vya mpira vya mviringo vinavyokaa kati ya vyuma) unazokandamiza hapo Katwe, Kampala, zinatoka safi kwa nje, ila ukizikata zina vitundu kama andazi. Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia mpira, tazama kingo za moldi, yaani kalibu ya kuumbia: mpira wa ziada umefurika? Kama haujafurika, umeweka kidogo. Pima kwa mizani, zidisha kidogo. Kisha funga presi, ile mashine ya kukandamiza, ilegeze upesi mara mbili tatu hewa itoke, ndipo uibane kabisa. Mimi hupika mpira kwa nyuzi 150 za Selsiasi hivi, na joto napima kwenye moldi yenyewe, si kwenye hita. Bushi nene usiifungue mapema: kati ikiwa haijaiva, ukiachia presha tu inavimba. Unene hukuutaja, ni milimita ngapi?