Mkoa gani unalipa? Kwa wauguzi wa ajira mpya

Majina ya ajira za afya yakitoka tu, swali ni lilelile: "Sista, kati ya Katavi na Dar, wapi wanalipa zaidi?" Mwaka huu nimeulizwa tena, na mmoja wenu ameshaanza kutafuta mtu wa kumhamisha hata kituoni hajaripoti. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Serikalini mshahara haujui mkoa. Ngazi zetu ni TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya wa serikali ya Tanzania, uwe Bukoba au Mtwara. Mwenye diploma anaanzia TGHS B, wa cheti yuko chini yake, wa shahada juu yake. Wawili walioajiriwa siku moja kwa elimu moja, mmoja Ilala na mwingine Kakonko, mshahara wao wa msingi unalingana. Kenya ni hadithi nyingine: tangu 2013 wauguzi wengi wa umma wako chini ya kaunti, na aliyepangiwa Turkana ana posho ya mazingira magumu. Uingereza muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, wa katikati ya London anaongezewa asilimia 20, ingawa kuna kikomo. Kwetu Dar haikuongezei kitu. Inakula ulicho nacho.

Mimi nililipia somo hilo. Nilikuwa hospitali moja ya wilaya huko Rukwa, nakaa nyumba ya mtumishi nyuma ya wodi ya wazazi, kodi silipi, mahindi nalima mwenyewe. Posho ya kuitwa kazini nje ya zamu (on-call) ilikuwa inachelewa, lakini inafika. Sasa wenzangu wa chuo walikuwa Dar, kila Jumapili picha za Coco Beach, nami nikajiona naozea porini. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho, sababu za kifamilia, uongo mtupu. Afisa utumishi, mzee mmoja mpole, akaisoma, akavua miwani. "Binti, unajua uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi?" Nikamjibu, "Najua, mzee." Sikujua chochote. Anayehamishwa na mwajiri analipwa posho ya usumbufu, nauli, na mizigo yake inasafirishwa. Mimi fuso nililikodi mwenyewe, kitanda na kabati vikafika Mbagala vimevunjika miguu. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali naye akataka ya mwezi mmoja. Nilikuwa sina. Nikaenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, wa riba ya kukamua, nikasaini bila kusoma, mimi niliyekuwa nagombeza wagonjwa kwa kusaini fomu ya ridhaa bila kusoma.

Mwisho wa mwezi nikafungua slipu nikiwa zamu ya usiku, nimeegemea kabati la dawa. Mshahara wa msingi ni uleule niliouacha Rukwa, shilingi haikusogea. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari nikidhani kuna ukurasa wa pili. Na pale wauguzi tulikuwa wengi, zamu za kuitwa zinagombewa, mgeni anapewa zilizobaki.

Hayo yote yangepita. Kilichoniumiza ni faili. Masijala ya Rukwa walisema wameshalituma, ya Dar wakasema halijaonekana. Enzi hizo ilikuwa OPRAS ya karatasi, fomu za kupima utendaji wa mtumishi, na fomu zangu zilikuwa humo humo. Wakati wa kupandishwa ulipofika, tulioajiriwa pamoja wakapanda, mimi nikaambiwa taarifa za utendaji hazipo. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kugawa dawa za saa mbili. Faili likapatikana baadaye, lakini basi la mwaka ule lilishanipita, na sikusogezwa mbele kufidia. Yule dada niliyemwelekeza kuweka kanula ya mtoto mchanga leo yuko daraja moja juu yangu. Tunasalimiana vizuri tu, ila kila tarehe ya mshahara namkumbuka.

2. Kwa hiyo faili. Nakala ya kila barua iwe kwako: ya ajira, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa. Majaribio ni miezi 12. Ikiisha nenda kaulizie, usisubiri kukumbukwa. PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi ya OPRAS, jazeni kwa wakati. Uzoefu ambao haupo kwenye karatasi haulipwi.

3. Ngazi haijui wodi pia. Wa ICU na wa kliniki ya watoto, daraja moja, mshahara mmoja, hata kama mmoja anatoka na jasho na mwingine na vipeperushi. (Wa kliniki msinune, chanjo najua shughuli yake.) Utaalamu unaingia kwenye mshahara pale unapobadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa kada ya elimu yako mpya, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kabla ya kwenda kusoma, hakikisha una ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, jina lako liko kwenye mpango wa mafunzo, na nafasi ya kada mpya imeombewa bajeti. Mwenzetu mmoja aliondoka kimyakimya akarudi na shahada. Picha ya joho kaitundika sebuleni, mshahara ni wa diploma. Ukimtembelea usiulize habari ya ile picha.

Hospitali binafsi ndiko muuguzi wa kusafisha damu, wa ganzi au wa chumba cha upasuaji anaweza kukaa mezani akapatana. Ila uliza kama wanapeleka michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, maana kuna wanaokutajia fedha nono ya mkononi na mchango hawapeleki.

4. Mei Mosi. Mwaka 2025 Rais alitangaza kima cha chini serikalini kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kima cha chini, jamani, si mshahara wa kila mtu! Kijana mmoja wa wodini kwetu alipiga mshahara wake mwenyewe kwa hiyo 35.1, akachukua sofa la mkopo Juni. Tumelikalia, ni zuri, anadaiwa bado. Mwaka 2022 ilikuwa 23.3, na watu walipiga hesabu hiyohiyo.

5. Makato: PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha wafanyakazi 2 ukiwa TUGHE, bodi ya mikopo 15 kama ulikopeshwa, na kodi ya TRA. Wa shahada ndio huja kuniuliza kama mhasibu amekosea. Hajakosea.

6. Mkoa unaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye posho. Ya kuitwa kazini mara nyingi inategemea mapato ya ndani ya kituo, na kituo chenye wagonjwa wengi wa bima kinakusanya kuliko zahanati ambayo nusu ya wanaokuja wana msamaha wa malipo. Hata ndani ya wilaya moja vituo viwili havifanani. Kwa hiyo ukitaka kuhama, usimpigie afisa utumishi wa huko. Tafuta namba ya muuguzi wa zamu wa kituo chenyewe, muulize mwezi wa mwisho kulipwa posho ni upi. Akicheka kabla ya kujibu, tulia ulipo.