Kabla hujanunua mapipa ya taka, tafuta mizani

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia kikundi cha kubangua korosho hapa Mikindani, niliamini taka zetu ni chupa za maji na mifuko ya kufungashia. Nikanunua mapipa matatu, nikayapaka rangi tatu tofauti. Baada ya miezi miwili pipa moja lilikuwa la maji ya kufulia, na mengine mawili sijui yalikoishia.

Kilichotuzindua ni mizani ileile ya kupimia korosho. Kwa wiki mbili, kila kilichokwenda jalalani kilipita hapo kwanza, na mtunza stoo akaandika. Chupa hazikujaza hata mistari mitatu. Daftari lote lilikuwa maganda. Ningewauliza kina mama wanaobangua wangenieleza siku hiyohiyo: ukivunja kilo 100 za korosho ghafi, karanga, yaani kiini cha korosho cha kuuza, ni kilo 20 hivi, ukibahatika 25, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ganda. Nasi tulikuwa tunalipa gari kwenda kulitupa. Kwa hiyo kama una shule, hoteli au chama cha msingi na unataka kuingia kwenye huu uchumi wa mzunguko, yaani kutumia tena kile ambacho ungekitupa, pima kwanza.

Kosa letu la pili lilikuwa haraka. Tulimpa mama ntilie jirani viroba viwili vya maganda, bure, apikie. Kesho yake akaja navyo, macho mekundu. “Mwanangu, umenipa kuni au umenipa pilipili?” Ganda la korosho lina mafuta makali, yaleyale yanayobabua vidole vya wabanguaji wasiojipaka majivu, na yakiungua moshi wake haukaliki jikoni. Tulikuwa tumetoa taka uani kwetu tukazipeleka kwenye kifua cha mtu. Tangu hapo, kabla ya kumpa mtu chochote naenda kwanza kuona atakitumia wapi na vipi.

Leo maganda yanachukuliwa na wachoma matofali, tanuri zao ziko mbali na nyumba za watu. Wanakuja na guta lao, siku tuliyokubaliana. Ila mvua zikianza Desemba tanuri zinalala, na huo ndio wakati sisi tumejaa korosho. Ilibidi tujenge banda la kuyaweka makavu. Hesabu ya banda hilo hakuna aliyeniambia niiweke kwenye bajeti, ndiyo maana nakuambia wewe. Mwenye mtambo wa kukamua ana njia nzuri zaidi, maana mafuta ya ganda yanatengenezea rangi na hata breki za magari. Sisi mtaji huo hatuna.

Magunia ni habari fupi. Zamani likipasuka linatupwa, siku hizi fundi anakuja na sindano yake na uzi wa katani, na bei yake haifiki ya gunia jipya. Usishawishike kuhamia viroba vya plastiki kwa korosho ghafi kwa kuwa ni rahisi. Humo korosho hutoa jasho na kuota ukungu, ukapoteza mzigo mzima.

Na si kila kitu kizungushwe. Nimeona makopo ya dawa ya mikorosho yakichotewa maji ya kunywa, watu wakijisifu hawatupi kitu. Kopo la dawa lisuuzwe mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha litobolewe lisifae tena, ndipo uulizane na muuza pembejeo pa kulipeleka.

Yanayonishinda mpaka leo ni mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho. Yanaoza chini ya mikorosho ya wanachama kwa siku mbili tu, na yale yasiyooza mnajua wenyewe yanaishia kwenye chupa gani za pombe. Msimu huu tumekubaliana kukausha kilo 50 juani, kwenye vichanja vya wauza dagaa. Mizani itakuwa palepale.